Nyasi ya Kiangazi

Afisa wa mipango ya nyumba alipigilia kigingi cha kwanza katikati ya nyasi, nje kidogo ya Kitengela, bila hata kumsalimia Seleyian.

"Mama, hapa hakuna mtu anatumia," alisema alipoulizwa. "Nyumba za bei nafuu tunaweka mahali iko wazi, karibu na lami. Nyasi imefika magoti na hakuna hata mavi ya ng'ombe."

"Hii ni olopololi. Tunawekea ndama nyasi ya kiangazi. Ndio maana hakuna mavi."

"Kama mnatumia, mbona hao ng'ombe wako wamesimama huko?"

Ng'ombe walikuwa ng'ambo ya njia, kwenye vumbi, mbavu zimeanza kuonekana. Tangu mvua ikatike, Seleyian alikuwa akiwafukuza kwenye nyasi hiyo kwa fimbo mpaka wakakoma kujaribu kuingia.

Afisa akachukua kigingi cha pili. "Nionyeshe mmoja tu akikula hapa," alisema, akawakonyeza wenzake waliombebea vigingi, "na mimi nitang'oa hii yote."

Seleyian alimkazia macho mpaka wenzake wakaacha kucheka. Halafu akavuka njia, akazunguka nyuma ya ng'ombe, akaanza kuwaswaga.

Walifika ukingoni mwa nyasi wakagoma. Waliinamisha vichwa, wakageuza macho kuitazama fimbo.

"Unaona?" afisa alisema, akiinua nyundo.

Seleyian akainua fimbo ile ile, akamchapa mgongoni ng'ombe wake kipenzi, akamchapa tena, mpaka akaingia.