Kitabu cha Mwisho cha Wino

Mzee alifungua kitabu, akakilaza vizuri magotini, akatia sahihi kwa jina la mtu ambaye hajapata kuzaliwa.

Mhariri aliyeketi mbele yake aliitazama sahihi ile, kisha akamtupia jicho mpiga chapa wa Mzee. Mpiga chapa, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akatikisa kichwa taratibu: mwache.

"Wasomaji wataipenda hii," mhariri akasema, akakusanya vitabu vyake. Alikuwa mgeni katika kampuni, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuingia nyumba hiyo.

Jina lenyewe lilikuwa Wino. Kwa vitabu sita Mzee alikuwa amesimulia maisha ya mwandishi huyo wa kubuni: alivyoanza kwa kuchora mabango ya maduka, alivyopata sifa, sifa zilivyompanda kichwani, na zilivyomtua kwa kishindo. Watu walimpenda kupita kiasi. Barabarani Mzee aliitwa Wino. Kinyozi alimwita Wino. Mwishowe naye akaitika. Na tangu kumbukumbu zilipoanza kumponyoka kama sabuni bafuni, hakuitika jina jingine.

Mpiga chapa alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni.

"Ulianza kumchapia lini, mama?"

"Tangu kitabu cha kwanza."

"Kazi nzito."

"Mtu huzoea." Methali ya mzigo wa mwenzio na kanda la usufi ilimfika ulimini, akaimeza. Hakuwa na nguvu hata za kutania.

"Cha tatu ndicho kilichonimaliza," mhariri akasema. "Pale mke wa Wino anapofariki siku ileile mumewe anapokea tuzo. Nyumbani kwetu tulikaa kimya kama tuna msiba."

"Wengine walileta maua hapa mlangoni. Niliyapokea mimi. Ndoo zote zilijaa, tukakosa cha kufulia."

Mhariri akacheka, kisha akashusha sauti. "Tunataka cha saba kiwe cha mwisho. Wino apumzike. Msaidie Mzee akifikishe mwisho, tafadhali."

Mgeni alipokwenda zake, mpiga chapa alirudi sebuleni. Akamnyoa Mzee ndevu, akamfuta povu nyuma ya sikio, akamhesabia vidonge. Kiuno kilimuuma. Sura ile ya kifo aliichapa mwenyewe, bila kukosea hata herufi. Alipoifikisha nukta ya mwisho alimwuliza Mzee, "Lazima afe?" Na Mzee, ambaye enzi hizo akili zake zilikuwa kali kama wembe, akamjibu, "Mkewe akiwa hai, Wino hana la kuandika."

Mwanzoni mwa usahaulifu, mpiga chapa alikuwa akimsahihisha. Alimwambia kwamba Wino hayupo, kwamba mambo yale hayakutokea. Mzee alikuwa akilia kama mtoto, au akirusha kikombe ukutani, na kesho yake ikabidi kuanza upya. Daktari akawashauri watu wa nyumbani wasibishane naye. Basi akaacha. Kumbe kukubali nako kunachosha, tena kuliko kubisha.

Akaketi mbele ya mashine ya kuchapia, akaingiza karatasi.

"Haya, Mzee. Tulipoishia."

Mzee alifumba macho. "Andika: Wino aliketi dirishani."

Akaandika.

"Akamtazama mwanamke aliyekuwa akimchapia kazi zake."

Akaandika. Akangoja. Nje mtu alikuwa akiburuta kitu kizito kwenye changarawe, akipumzika, akiburuta tena.

"Niweke nukta?"

"Ngoja. Hii si ya kitabu." Mzee alikuwa amefumbua macho. "Dada, samahani kwa swali. Umeolewa?"

Vidole vyake vikabaki hewani. "Niliolewa."

"Akafa?"

"Hapana. Aliondoka kidogo kidogo."

"Mjinga huyo."

Mpiga chapa alinyoosha ukingo wa karatasi ambao haukuwa umejikunja.

"Mimi nimefiwa," Mzee akasema. "Unajua, umeyachapa. Sisi ni watu wazima, tusizungushane. Nimekaa na upweke mpaka umegeuka jamaa. Mikono yako hainichoki. Nataka tuoane, kama hutajali kwamba nilimpenda sana yule wa kwanza."

"Unamkumbuka?"

"Sura imenitoka. Lakini alikuwa akinisomea kurasa zangu kwa sauti, na akifika palipoharibika hupunguza mwendo. Hasemi neno. Anapunguza mwendo tu, nami najua." Akatabasamu. "Hakuna mwingine aliyenijua hivyo. Sikudanganyi, dada. Ukikubali, utakuwa wa pili."

Mpiga chapa aliona wivu ukimpanda kifuani, akashindwa kujua anamwonea nani. Alikuwa amelala saa chache, na nguo zilikuwa bado kwenye maji. Hata hivyo, aliinua mkono akaziweka nywele sawa.

"Nipe nafasi nifikiri," akasema.

"Fikiri. Ila usichelewe, mimi ni msahaulifu."

Simu ikalia jikoni. Akainuka, mkono kiunoni, akaipokea amesimama kando ya sinki.

"Shikamoo, mama," sauti ya kike ikasema. "Baba ameamkaje leo?"

Akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja kilichonuka sabuni ya ndevu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Baba yako ameniposa."