Utatuuliza Sisi

Uvumi ulimganda Verla tangu ausikie kanisani kwao, mjini Boise, Marekani: mtoto akishapelekwa zile kambi za kurekebisha vijana, jangwani Utah, haruhusiwi kupiga simu nyumbani.

Aliuona umbea tu. Binti yake alikuwa ameacha shule, hali chakula, haongei, na mshauri mmoja wa wazazi alisifiwa kuwa anamchagulia kila mtoto kambi inayomfaa. Ila binti wa Verla, mshauri hakuwahi hata kuomba kumwona.

"Usimwambie kitu," mshauri alisema ofisini kwake, akimmiminia Verla kahawa. "Alfajiri watakuja wanaume wawili kumchukua. Wewe kaa jikoni."

"Wamtoe mwanangu kitandani?"

"Mama, sisi si majambazi."

"Majambazi nao huja alfajiri."

Mshauri akacheka. Verla hakucheka. Alikuwa akitazama kikombe alichoshika: kilichorwa mlima mwekundu, nembo ya kambi aliyochaguliwa binti yake. Rafuni vilipangwa vingine, vyote vya mlima huohuo; hakuna cha kambi nyingine.

"Nitaongea naye lini?"

"Baada ya wiki sita. Atalia kwamba anapigwa, ananyimwa chakula. Usimwamini. Wote husema hivyo."

"Na ikiwa kweli, nitajuaje?"

"Utatuuliza sisi."

Verla akakiweka kikombe chini, kahawa imejaa vilevile, akachukua funguo zake.

Basi mzazi mwenzangu, epuka haya:

Mshauri asiyetaka kumwona mtoto.

Kambi usiyoweza kuingia bila kutoa taarifa mapema.

Watu wa kumchukua mtoto usingizini.

Na yeyote anayekufundisha mapema kutomwamini mwanao.