Gari la Bibi Harusi

Tangu macho yake yapofuke, Mzee Shomvi hakuwahi kutoka nje ya ua wake. Hata asubuhi ya harusi ya bintiye, Mwanahija, alisema atabaki nyumbani. Ndipo gari la bibi harusi likafika likinguruma kwa sauti nzito.

"Gari gani hilo?"

"La mbio, baba, la zamani, halina paa. Njoo ulishike."

Mwanahija akamwongoza hadi barabarani. Mzee akaweka kiganja juu ya boneti yenye joto, akapapasa taa za mviringo, ubavu mrefu, kisha ngozi laini ya viti. Alikwenda polepole, kama anayeogopa kuliamsha.

"Subhanallah," alinong'ona. "Aliyelitengeneza alilipenda. Rangi gani?"

"Nyekundu, kama komamanga."

Mzee akacheka. "Na mimi nitakaa wapi?"

Viti vilikuwa viwili tu, kimoja cha dereva. Mwanahija akakusanya gauni lake, akamfungulia baba mlango.

"Tangulia ukumbini. Mimi nitakuja na shangazi."

Gari likaondoka. Upepo ukaipeperusha kofia ya mzee, naye hakujali. Alikuwa ameinua uso juu, mikono yote miwili ikielea hewani.