Ndani ya Bomba

Bomba la kwanza lilipotolewa kwenye kisima cha mafuta na kulazwa juu ya vyuma, mkemia alishindwa kuinama kulitazama.

Mwaka uliopita bomba kama hili lilitoka limejaa ukoko mweupe, kama ule unaoganda ndani ya birika, mpaka kidole hakikupenya. Maji yanayopanda pamoja na mafuta ndiyo yaliyouacha. Safari hii yeye ndiye aliyesisitiza kisima kimiminiwe dawa ya kuuzuia mapema. Kama dawa ingeshindwa, kisima kingefungwa na wenzake wote wangekosa kazi.

"Shemeji, hebu nitazamie wewe," alimwambia mwendesha winchi, mdogo wa mumewe.

"Dawa yako, macho yangu?" Alicheka, lakini akazunguka hadi mwisho wa pili wa bomba, akapiga magoti. "Haya, inama. Tutazame pamoja."

Mkemia akainama. Kwanza aliingiza mkono, taratibu, akisubiri kukwaruzwa. Vidole viliteleza tu. Ndani kulikuwa laini kama sahani iliyotoka kuoshwa, na mkono ukazama hadi kwenye kiwiko.

"Ukinasa humo, nitamwambia nini kaka yangu?"

Akauchomoa, mweusi tii kwa mafuta, akaweka jicho. Kule mbali, katikati ya duara la mwanga, jicho la shemeji yake lilikuwa likimtazama, nalo limelowa.

"Shemeji, unalia?"

"Ni moshi wa jenereta," bomba lilijibu kwa sauti nene. "Waite wengine waje waone."

Lakini wengine walikuwa wameshafika, wakisukumana kugombea zamu.