Desturi ya Babu Farasi

Palikuwa na Farasi wa nyanda za juu aliyejivunia jambo moja: kila alfajiri alioga mtoni, kama alivyofanya babu yake. Kipupwe kilipoingia hakubadili kitu. Alitoka majini akitetemeka, akakohoa hadi masikio yakacheza, na nguvu zikaanza kumwishia.

Bibi Punda, mzee mwenye manyoya marefu yaliyojaa vumbi, alimwonya. "Mjukuu wangu, acha maji hayo. Utakufa na usafi wako."

"Bibi, ninyi punda hamna ukoo wa kulinda," Farasi alijibu, meno yakigongana. "Nikiacha desturi, babu atanionaje?"

Punda alicheka mpaka akakaa chini. "Babu yako! Wewe ulimjua kiangazi kimoja tu, akafa kabla ya baridi. Mimi nilikaa naye vipupwe vingi. Baridi ikiingia, maji ya alfajiri aliyaogopa kuliko simba. Aligaagaa vumbini, kisha akaja kujibana ubavuni mwangu. Na alivyokuwa akikoroma!"

Asubuhi iliyofuata Mbuzi alimkuta Farasi chali, miguu juu, vumbi hadi kwenye kope.

"Vipi mwenzangu, leo huogi?"

"Kuoga?" Farasi alishangaa. "Katika ukoo wetu, kipupwe hatuogi. Muulize Bibi."