Tangazo Lisilosomeka

Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na bado watu walikuwa wakitazama barabarani. Nzivo, mwana wa pekee wa marehemu Mutunga, hakuwa ametokea. Majirani wa mtaa wa Jericho, Nairobi, waliokodi basi hadi Machakos kumzika mwenzao, walianza kumgeukia Matheka, mmoja baada ya mwingine.

Yeye ndiye aliyemtumia Nzivo, aliyekuwa ng'ambo, tangazo la kifo. Mwaka huo wa 1999 vijana wawili wa Jericho, Matheka na Ayuma, walikuwa wakiwatumia watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, walioko ng'ambo habari za nyumbani kupitia mtandao: nani kaoa, nani kafa, harambee iko wapi. Matheka alikuwa na mpangilio wake wa kuziandika kwenye kompyuta. Ayuma, aliyesoma naye chuoni, alikuwa na wake. Kompyuta iliyozoea habari za Ayuma ikipokea za Matheka ilionyesha mabano na nukta tupu.

Ayuma alikuwa amemwomba wakubaliane mpangilio mmoja, ili mashine yoyote isome za wote wawili. Walikuwa wakila nyama Soko la Burma na marafiki, na Matheka akataka kuchekesha watu.

"Anayetaka habari zangu atazisoma ninavyoziandika mimi," alisema.

Meza nzima ikacheka. Ayuma akanawa mikono, akaondoka.

Mutunga alipofariki, mjane wake, Mama Nzivo, alisema hana namba mpya ya simu ya mwanawe. Basi tangazo likapewa Matheka, Mkamba mwenzao. Alilituma upesi, akajiona amefanya jambo. Ni baadaye ndipo Ayuma alipomwambia kwamba Nzivo alikuwa msomaji wake yeye Ayuma, na kompyuta yake isingeweza kusoma tangazo la Matheka.

Matheka alikosa pa kuuweka uso. Huko matangani mzee mmoja alimuuliza, kwa upole uliouma kuliko tusi, hiyo kompyuta yake ilimfaa nani. Mama Nzivo alisikia. Aliinamisha kichwa, akajifunika leso. Siku hizo zote hakumuuliza mtu yeyote mwanawe atafika lini.

Waliporudi Nairobi, Matheka alimwendea Ayuma, akamwomba radhi. Ayuma hakumsimanga. Wakaketi kwenye kompyuta mpaka wakapata mpangilio mmoja utakaosomeka kila mahali.

Kisha Matheka akaenda kwa Mama Nzivo. Alikataa kiti. Akamweleza yote akiwa amesimama: kiburi chake, kile kicheko cha Burma, tangazo lililofika likiwa takataka. Alisema Jumapili angesimama kanisani akiri mbele ya watu, na kwamba tangazo lingetumwa upya kesho yake, kwa namna ambayo Nzivo hawezi kukosa kulisoma. Alisema anajua hawezi kumrudishia mtoto nafasi ya kumzika babake.

Mama Nzivo aliinuka, akafunga mlango. Aliporudi hakuweza kumtazama.

"Nilimpigia simu siku ile ile babake alipokata roho," alisema. "Nilimpata. Aliniambia haji."

Akakunjakunja ncha ya leso.

"Nakusihi, mwanangu, usitengeneze chochote. Waache watu waseme ni kompyuta."