Mashine Chini ya Shuka

Shuka la maua lilifunika kila kitu isipokuwa mguu mmoja wa chuma, na mguu huo ndio uliokwama mlangoni.

"Sukuma," alinong'ona Bwana Kipimo.

"Nasukuma, mzee. Mashine yako ndiyo haitaki," akajibu kinyozi, jirani yake, aliyekuwa ameinama nyuma ya toroli huku jasho likimdondoka puani.

Bwana Kipimo alikuwa karani mstaafu, na mtaa mzima ulimpa jina hilo kwa sababu hakupitwa na kitu bila kukipima. Asubuhi ile alipima mashine, akapima toroli, akampima hata kinyozi mabega. Mlango wa stoo peke yake hakuupima, maana alisema anaujua.

Chini ya shuka kulikuwa na mashine ndogo ya kukereza, ile inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga. Bila hiyo, garimoshi lake dogo la mvuke lingebaki mchoro ukutani. Vifaa vingine alikwisha kuviingiza kwa siri. Jiliwa la kubania vyuma liliingia ndani ya boksi la viatu. Tupa ziliingia moja moja ndani ya mguu wa suruali, akawa anatembea kama mtu mwenye jipu. Keekee ya kutobolea aliipitisha dirishani mkewe akiwa bafuni anaimba. Lakini mashine nzima utaivalisha suruali gani?

Na mkewe alikuwa amekataa katakata.

"Baba watoto," alimwambia juzi mezani, "nisione mashine ya kukereza ndani ya nyumba hii. Yule fundi saa wa mtaa wa pili anahama na anataka kuiacha yake. Usithubutu hata kupita kumwamkia."

Mpaka dakika ile Bwana Kipimo hakuwa na habari kwamba fundi saa anahama. Aliinamisha kichwa kwa utii, akamaliza mboga zake, na moyoni akamshukuru Mungu kwa kumpa mke asiyeweza kukaa na neno. Kulipokucha tu, akaenda kumwamkia fundi saa.

Kilichomuuma ni kwamba tangu astaafu alikuwa amejitolea kwa mwanamke yule usiku na mchana. Alimpangia sufuria kwa kipenyo. Alisimama nyuma yake akimwelekeza namna ya kukata kitunguu bila kupoteza mwendo wa kisu. Maharage yakichemka, alikaa pembeni na saa mkononi. Na fadhila za punda ndizo hizo, kunyimwa mashine moja. Tangu ujana alitamani kutengeneza kitu kinachofuka mvuke na kwenda chenyewe, na sasa macho yalianza kufifia na mikono kutetemeka. Kama si mwaka huu, basi tena.

"Inua upande wako," alimwambia kinyozi. "Anarudi jioni, lakini yule mwanamke haaminiki."

Hajamaliza kusema, geti likalia.

"Hodi," ikaita sauti ya mkewe kutoka nje. "Ni mimi nimerudi. Nimesahau mwavuli."

Kinyozi alitaka kukimbia, lakini vidole vyake vilikuwa chini ya mashine na havikuwa na pa kwenda. Huko getini mkewe alikohoa, akamsalimu jirani fulani ambaye hakuitikia, akakohoa tena, kisha akaanza kuhangaika na komeo ambalo mtoto mdogo hulifungua kwa kidole.

Wakavuta pumzi, wakainamisha toroli, wakasukuma kwa pamoja. Mguu ukachomoka, na toroli, mashine, shuka na kinyozi vikaingia stoo kwa mkupuo, vikatua chini ya dirisha, jirani na soketi ambayo mkewe aliiweka mwezi uliopita kwa ajili ya pasi. Bwana Kipimo alimvuta kinyozi nje, akafunga mlango, akauegemea.

Mkewe akaingia. Akautazama mstari wa tope la gurudumu uliotoka mlango wa mbele, ukapita juu ya zulia, ukaishia miguuni pa mumewe.

"Mbona mnahema?"

"Mazoezi," alisema Bwana Kipimo.

"Ni mazuri kwa umri wenu. Ila yakumbuke niliyokuambia. Mashine hapana."

"Mke wangu, mimi ni mtu wa kuambiwa mara mbili?"

Mkewe akachukua mwavuli, akatoka nao juani.

Toka siku hiyo Bwana Kipimo akawa mtu mwingine. Akishakunywa chai tu, anajifungia stoo, anafungua redio kwa sauti ya juu ili mngurumo wa mashine usisikike, na kazi inaanza. Mkewe akimuuliza, anasema anafuatilia taarifa ya habari. Kila jioni anatoka na chembe za shaba kwenye nyusi, akitabasamu peke yake kwa jinsi alivyomzunguka mwanamke mwenye macho makali vile. Siku gurudumu la kwanza lilipozunguka sawasawa, alilia machozi, akajifuta kwa tambara la mafuta, akaongeza sauti ya redio.

Jikoni, mkewe alivuta kigoda, akanyoosha miguu, akampigia simu mke wa kinyozi.

"Mwenzangu, wangu ameingia, na hatoki mpaka njaa imtoe," alisema. "Wako naye anza kumkataza leo hii. Tarumbeta usimkataze, itatuua sisi majirani. Mkataze kufuga samaki."